Plagi Zilizokwama: Jinsi ya Kuzifungua Bila Kuharibu Injini



Leo tutaweka jembe kando kidogo tutazame gari. Katika skimu nyingi gari la zamani bado ndilo linalobeba maziwa asubuhi, viazi siku ya soko, na mgonjwa usiku. Wengine mlilinunua kwa fedha za mazao, na wengine mmelirithi pamoja na shamba. Gari kama hilo halina mbadala nyumbani. Likilala siku kumi, hasara huonekana kwenye debe la maziwa kabla ya kuonekana kwenye gari lenyewe.

Somo letu ni juu ya kazi moja ndogo ambayo imeharibu injini nyingi nzima: kufungua plagi ambazo hazikuguswa kwa miaka, zikakwama. Kazi hii haihitaji mtu mwenye nguvu. Inahitaji mtu mwenye subira, na anayejua sababu ya kila hatua.

KOSA LANGU MWENYEWE

Naanza kwa kukiri kosa, maana mwalimu anayeficha kosa lake huwafundisha wanafunzi walirudie.

Mzee mmoja, jirani yetu huku Kinangop, alikuwa na pikapu ya Peugeot 504. Kila alfajiri alikusanya maziwa ya majirani akayapeleka kwenye kituo cha kupozea. Gari likaanza kukohoa na kula petroli nyingi. Jioni moja akaniita, akasema, “Karani, wewe bado una mikono ya ujana. Hebu njoo unitolee hizi plagi.”

Nikamjibu, “Ndiyo, Mzee,” nikaenda. Plagi tatu zilitoka kwa shida. Ya nne ilikataa. Giza lilikuwa linaingia, nami nikaona haya kushindwa mbele ya watoto waliokuwa wakitazama. Nikachukua bomba la maji la urefu wa mita moja, nikalivika kwenye mkono wa spana, nikavuta. Spana ilizunguka kwa wepesi, nikafurahi. Nilipoinua mkono nilikuta nusu ya plagi ndani ya spana. Nusu ya pili ilibaki ndani ya injini.

Ilibidi kichwa cha injini kifunguliwe na kupelekwa mjini. Gari lililala wiki tatu. Maziwa yalikwenda kwa mkokoteni wa punda, na siku mbili yalifika yameanza kuchacha, yakarudishwa. Mimi niliuza ndama ili nilipe sehemu ya gharama. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, ng’ombe akikataa kutoka zizini, huvuti mkia hadi ukatike.”

Yote niliyojifunza baada ya siku ile nimeyaandika hapa chini.

1. PLAGI NI KITU GANI

Plagi ni kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya silinda. Injini ya silinda nne huwa na plagi nne. Injini za dizeli hazina plagi za cheche, kwa hiyo mwenye trekta ya dizeli asizitafute. Lakini pampu ndogo za maji zinazotumia petroli zinayo moja, na mashauri haya yanaifaa pia.

Itazame plagi mpya mkononi mwako. Juu kuna kaure nyeupe, kitu kigumu kama kikombe cha chai, tena chenye kuvunjika kama kikombe. Katikati kuna chuma chenye pande sita, mahali pa kushika spana. Chini kuna hesi, yaani ile mistari iliyochongwa kuzunguka kama ya parafujo. Katika magari mengi ya zamani hesi hiyo ina upana wa milimita 14. Mwishoni kuna vijiti viwili vya chuma vilivyoachana kidogo, na cheche huruka katika mwanya huo.

Sasa zingatia jambo hili. Chuma cha plagi si kigumu kote ndani. Katikati yake mna tundu, na ndani ya tundu hilo imepita kaure. Kwa hiyo ukuta wa chuma unaoshikilia hesi ni mwembamba. Hapo ndipo plagi ya Mzee ilipokatikia.

2. KWA NINI PLAGI HUKWAMA

Sababu ni tano, na mara nyingi huja pamoja.

Kwanza, kutu. Gari likilala nje katika baridi na ukungu, maji huingia kwenye shimo la plagi. Katika Peugeot 404 na 504 plagi ziko chini kabisa ya mashimo marefu, na maji yakiingia humo hayatoki upesi.

Pili, madini mawili yasiyopatana. Vichwa vya injini vya Peugeot hizo na vya Volkswagen ya mgongo wa kobe ni vya alumini, madini yale yale ya sufuria. Plagi ni ya chuma. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini huliwa polepole na kutoa unga mweupe. Unga huo hujaa katika hesi na kushika kama saruji. Injini ya petroli ya Land Rover ya zamani ina kichwa cha chuma cha kusubu. Chuma hicho ni kigumu kuliko alumini, ila kutu hukikamata vilevile.

Tatu, masizi. Petroli isiyoungua vizuri huacha masizi magumu. Mtu akiweka plagi fupi mahali pa plagi ndefu, hesi za chini za shimo hubaki wazi na kujaa masizi. Akiweka ndefu mahali pa fupi, ncha ya plagi huchomoza ndani ya silinda, masizi huigandia, na kuna hatari ya pistoni kuigonga. Katika magari mengi ya zamani sehemu yenye hesi ina urefu wa milimita 12.7 au milimita 19. Kwa hiyo unapoinunua plagi, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, uzilinganishe.

Nne, kukaza mno. Mtu hudhani plagi iliyokazwa sana ndiyo salama. Kumbe anazinyoosha hesi na kuzibana.

Tano, kusahau. Gari likitembea hatulitazami, na miaka mitano hupita. Hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

3. HESABU YA MKONO WA SPANA

Twende kidogo darasani. Nguvu ya kuzungusha ni nguvu ya mkono wako mara urefu wa mkono wa spana.

Tuseme unavuta kwa nguvu ya kilo 20, kiasi ambacho mtu mzima hukitoa bila kutokwa jasho.

Mkono wa spana ukiwa sentimita 25:
20 × 0.25 = 5.

Ukivika bomba la mita moja:
20 × 1 = 20.

Plagi ya milimita 14 katika kichwa cha alumini hukazwa kwa nguvu ya 2.5 hadi 3 tu kwa hesabu hii hii. Maana yake ni kwamba spana fupi peke yake inakupa karibu mara mbili ya nguvu iliyoikaza. Bomba la mita moja linakupa karibu mara saba au nane. Nguvu hizo hazichagui pa kwenda. Plagi isipozunguka, kitakachoshindwa ni ule ukuta mwembamba wa chuma, au ni hesi za alumini.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: plagi ikikataa spana fupi, usirefushe spana. Ongeza mafuta na muda.

4. VYOMBO VYA KAZI

Tayarisha vitu hivi kabla ya kuanza:

(a) Soketi ya plagi yenye pande sita ndani, inayoenea sawasawa. Kwa plagi nyingi za magari ya zamani ni ya milimita 21. Iliyo bora ina mpira ndani wa kushika kaure. Usitumie spana ya kurekebisha wala koleo, kwa sababu huteleza na kuvunja kaure.

(b) Mkono wa soketi usiozidi sentimita 25, na kipande cha kurefushia kwa ajili ya mashimo marefu. Kipande hicho hurefusha kwenda chini tu, hakiongezi nguvu ya kuzungusha.

(c) Pampu ya baiskeli na brashi ndogo. Brashi ya kupakia rangi iliyokwisha kazi yafaa.

(d) Mafuta membamba ya kulegeza kutu, yanayouzwa madukani katika mkebe. Ukiyakosa, changanya mafuta ya taa na mafuta ya gia kidogo. Mchanganyiko huo hufanya kazi polepole zaidi, lakini hufanya.

(e) Vitambaa safi, miwani ya kukinga macho, na kipande cha mpira wa bomba la petroli cha urefu wa sentimita 20 hivi. Kazi ya mpira huo tutaiona mbele.

(f) Plagi mpya za aina ile ile.

5. KAZI YENYEWE

Ichague siku ambayo gari halitakiwi kesho yake. Anayefungua plagi iliyokwama usiku wa kuamkia soko amekwisha jiletea haraka, na haraka haina baraka. Mimi hupenda kuanza Jumamosi alasiri maziwa yakishapelekwa.

Siku ya kwanza, alasiri.

Acha injini ipoe kabisa. Fungua waya mmoja wa betri. Watume watoto mbali, na asiwepo mtu wa kuvuta sigara hapo, kwa maana petroli na mafuta ya taa vinashika moto upesi.

Waya nne za plagi zitie alama 1, 2, 3 na 4 kwa vipande vya karatasi na uzi. Ukizichanganya, gari halitawaka au litapiga mishindo, nawe utadhani umeharibu kitu kingine. Unapochomoa, shika kofia yake, usivute waya.

Sasa safisha. Piga brashi kuzunguka plagi, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli mpaka mchanga wote utoke shimoni. Vaa miwani. Mchanga utakaobaki utaanguka ndani ya silinda mara plagi itakapotoka, na utaikwaruza silinda kama vile jiwe linavyokwaruza sahani.

Shimo likiwa safi, jaribu kwa spana fupi. Ingiza soketi mpaka ikae chini kabisa, wima bila kuinama. Mkono wa kushoto ushikilie kichwa cha soketi kisiyumbe, na mkono wa kulia uvute kinyume cha mwendo wa saa. Vuta kwa nguvu inayopanda polepole, usitie mshtuko. Plagi ikilegea, vizuri. Isipolegea, acha mara moja.

Tia matone machache ya mafuta ya kulegeza pale plagi inapokutana na kichwa cha injini. Matone yanatosha, usijaze shimo. Rudisha soketi uigonge juu kwa mpini wa nyundo, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mgonjwa. Mtikiso huo mdogo hufungua njia mafuta yapenye. Usiigonge kaure yenyewe. Tia mafuta tena kabla ya kulala. Kisha funika injini, nenda kwenye chakula.

Siku ya pili.

Asubuhi tia matone mengine, ungoje nusu saa, jaribu tena kwa spana fupi. Plagi nyingi hukubali hapa.

Ikilegea, shangilia moyoni tu, kwa maana sasa ndipo watu wengi huharibu. Wakiona imezunguka kidogo huivuta hadi mwisho. Zile chembe za kutu na masizi zilizovunjika hujikusanya katika hesi, plagi hukaza upya, na mtu akizidi kuvuta, huchota hesi zote za alumini na kutoka nazo.

Fanya hivi. Fungua robo ya mzunguko, kisha rudi nyuma nusu ya hiyo robo. Tia tone la mafuta. Fungua robo nyingine, rudi nusu yake. Ukisikia mlio mkali au mkono ukahisi uzito unaongezeka, rudi nyuma, tia mafuta, ngoja dakika kumi. Plagi moja yaweza kukuchukua saa nzima, na saa hiyo si hasara.

Siku ya pili, ikiwa bado imekataa.

Sasa tutatumia joto, lakini kwa akili. Kwa joto moja, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikipata joto, shimo la alumini hupanuka kuliko plagi ya chuma, na mshiko hulegea kidogo. Ila alumini yenye joto kali huwa laini, na hesi zake huchanika upesi. Kwa hiyo twataka vuguvugu, hatutaki moto.

Futa mafuta yote yaliyosalia mashimoni kwa kitambaa. Rudisha waya za plagi mahali pake kwa kufuata alama, rudisha waya wa betri, washa injini kwa dakika chache, kisha uizime. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kichwa cha injini na kuhesabu hadi kumi bila kukiondoa. Hapo fungua tena betri, chomoa waya, jaribu kwa spana fupi. Ikikataa, tia matone ya mafuta sasa. Injini inapopoa, mafuta huvutwa chini kuingia kwenye hesi. Acha usiku kucha, ujaribu asubuhi.

Usitie kamwe jiko la makaa chini ya injini, wala usichome plagi kwa moto wa gesi mahali penye mabomba ya petroli. Plagi iliyokwama hugharimu fedha. Gari lililoungua ndani ya banda hugharimu banda, na pengine mtu.

Ukirudia mafuta na vuguvugu kwa siku tatu na plagi ikatae bado, simama hapo. Rudisha waya, futa mafuta, na ikiwa injini yawaka, iendeshe polepole hadi kwa fundi. Kulipeleka gari zima kwa fundi ni rahisi kuliko kupeleka kichwa kilichoharibika. Kama ningalijua jambo hili jioni ile, ndama wangu angalikuwa ng’ombe leo.

6. IKIVUNJIKA

Ikiwa ni kaure tu iliyovunjika na zile pande sita za chuma ziko salama, usihangaike. Puliza vipande vyote kwa pampu, endelea kwa soketi.

Ikiwa chuma kimekatika na hesi zimebaki ndani, mambo matatu usiyafanye. Usiwashe injini. Usipige kipande hicho kwa patasi kukisukuma ndani. Usitoboe kwa keekee ukiwa hujui pistoni na vali ziko wapi chini yake. Ziba shimo kwa kitambaa safi, ita fundi. Mara nyingine yeye hukitoa kwa chombo chenye kona kali kinachouma ndani ya tundu, na mara nyingine hulazimika kufungua kichwa.

Ikiwa plagi imetoka lakini imekuja na vipande vya alumini katika hesi zake, shimo limechanika. Usilazimishe plagi mpya ishike kwenye hesi chache zilizobaki. Injini ikifanya kazi yaweza kuirusha plagi hiyo nje kama risasi. Fundi ataweza kupanua shimo na kuingiza hesi mpya za chuma, na kazi hiyo ikifanywa vema, mahali hapo huwa imara kama mwanzo au zaidi.

7. SOMA PLAGI KABLA YA KUITUPA

Zipange plagi zote nne kwa namba zake juu ya gazeti. Kila moja ni barua kutoka ndani ya injini.

Ncha ya kahawia au kijivu: injini ina afya.

Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Kwanza tazama kichujio cha hewa, kwa maana mara nyingi kimejaa vumbi, halafu kabureta.

Nyeusi na yenye mafuta: mafuta ya injini yanapanda ndani ya silinda. Ringi za pistoni au njia za vali zimechakaa. Plagi mpya haitaponya ugonjwa huo.

Nyeupe kama chokaa, au yenye malengelenge: joto limezidi. Huenda petroli ni haba, au plagi si ya aina ya injini hiyo, au saa ya cheche imekosewa.

Plagi moja ikiwa tofauti na tatu nyingine, ugonjwa uko katika silinda hiyo.

8. KURUDISHA PLAGI MPYA

Kwanza toa takataka zilizoanguka ndani. Plagi zote zikiwa nje, chomoa ule waya mdogo unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye koili ili pasiwe na cheche. Rudisha betri, mtu mmoja apige stata kwa sekunde chache. Upepo wa pistoni utatupa nje mafuta na chembe. Asiwepo mtu aliyeinamisha uso juu ya mashimo. Kisha fungua betri tena.

Pima mwanya wa ncha. Kwa injini nyingi za zamani zenye platini ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Ufuate kitabu cha gari lako ikiwa unacho.

Sasa chukua ule mpira wa petroli. Uvike kwenye ncha ya juu ya plagi, ishushe plagi shimoni, zungusha mpira kwa vidole viwili. Plagi ikikaa sawa itaingia kwa wepesi mpaka chini. Ikienda upande, mpira utateleza mkononi kabla hesi hazijaumia. Hapo rudi nyuma, anza upya. Mpira huu wa bei ndogo ni mlinzi mzuri kuliko spana ya bei kubwa.

Plagi ikigusa chini kwa vidole, ndipo utumie soketi. Plagi mpya yenye pete ya kubana, kaza nusu ya mzunguko tu. Pete yake itabonyea na kuziba. Plagi ya zamani ambayo pete yake imekwisha bonyea, zungusha kidogo mno, kama mshale wa saa unavyotoka kwenye kumi na mbili kufika kwenye moja. Plagi nyingine hazina pete, bali zina kitako kilichochongoka. Hizo hukazwa kidogo zaidi ya hapo kwa upungufu, yaani mzunguko mmoja ugawanywe kwa kumi na sita. Usizidishe.

Wengine hupaka grisi ya shaba katika hesi ili plagi isikwame tena. Plagi nyingi mpya zimekwisha kupakwa madini ya kuzuia kutu kiwandani, kwa hiyo si lazima. Ukipaka, iwe nyembamba sana, isifike kwenye ncha. Tena ujue kuwa grisi hufanya plagi iteleze, nawe utakaza kupita kiasi bila kujua. Punguza nguvu.

Rudisha waya kwa alama zake, rudisha waya wa koili na wa betri, futa kila tone la mafuta, washa.

9. SHAURI LA MWISHO

Fungua plagi zako angalau mara moja kwa mwaka, au kila kilomita 10,000, hata kama gari linakwenda vizuri. Zitazame, zisafishe, uzirudishe. Plagi inayofunguliwa kila mwaka haipati nafasi ya kukwama. Andika tarehe ndani ya mlango wa gari, kama unavyoandika tarehe ya kuwaogesha ng’ombe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mzee wa Peugeot alinifanyia jambo moja ambalo sijalisahau. Mwaka uliofuata aliniita tena. Nilidhani anataka kunitania. Kumbe alikuwa amekwisha safisha mashimo, na mkebe wa mafuta ulikuwa juu ya tofali. Akasema, “Karani, nimetia mafuta tangu jana. Leo tutazitoa pamoja.” Zote nne zilitoka kwa spana fupi, na bomba la maji lilikuwa limefungwa bombani, mahali pake.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu haya na jirani yako kabla ya kugusa gari.

1. Kwa nini unapuliza shimo kabla ya kufungua plagi, na si baada yake?

2. Mtu anavuta kwa nguvu ya kilo 15, na mkono wa spana ni sentimita 80. Nguvu ya kuzungusha ni ngapi kwa hesabu yetu? Ni mara ngapi ya nguvu ya 3 iliyoikaza plagi?

3. Kwa nini tunataka injini iwe vuguvugu, na si ya moto sana?

4. Plagi imelegea robo mzunguko, kisha ikakaza tena. Utafanya nini?

5. Kipande cha mpira wa petroli chatusaidia vipi?

(Jibu la swali la pili: 12, nayo ni mara nne. Ukipata hivyo, lirudishe bomba mahali pake.)